Fimbo ya Baba, Gatini Leo

Ka! Mlio huo haujanitoka.

Ni fimbo ya kuvulia ya marehemu baba, imevunjika leo asubuhi gatini Masoko.

Samaki aina ya changu hujificha kivulini chini ya gati. Unavuta chambo nyuma kwa mkono, fimbo inapinda kama upinde, ukiachia, chambo kinaruka chini kwa chini hadi kwenye nguzo. Kazi hiyo inataka fimbo fupi, laini.

Mchumba wangu Shabani akaomba ajaribu.

"Taratibu, hiyo ya baba."

Akaipinda kwa nguvu zote, akiwaangalia rafiki zake. Ka!

"Kumbe kijiti! Ukiolewa utavua nini, bibie, masufuria?"

Akatupa kipande majini. Wakacheka.

(Nyie mngefanyaje?)

Nami nilicheka.

Mchana mjomba wangu ameirudisha kwao Shabani barua ya posa, pamoja na kipande kilichobaki.