Safu Tupu katika Daftari la Magogo

Gogo la tatu kutoka chini limechipua. Hilo ndilo analoliona kwanza asubuhi hii: majani mawili, mekundu kama ulimi wa mtoto, kwenye mti uliokatwa miezi saba iliyopita.

Karani wa kizuizi cha magogo, ambaye madereva wamempachika jina la Kimya, hamwambii mtu. Anachukua chaki yake, anagonga kila gogo kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Lililooza ndani hulia kama ngoma. Lililo zima hulia kama mlango uliofungwa. Alifundishwa na shangazi yake, fundi seremala, baada ya kuacha shule darasa la nne.

Leo kuna mlio mwingine. Akigonga mara mbili, ndani ya gogo panagongwa mara mbili.

"Wadudu hao," anasema dereva aliyekaa kivulini.

"Wadudu wanajua kuhesabu?"

Dereva anasogeza kiti chake mbali kidogo.

Magogo hayo themanini na moja ni ya mjane aliyeipanda miti hiyo kwa mikono yake. Kibali cha kuvuna anacho, cha kusafirisha anacho. Lori lake lilizuiwa kwa amri ya simu aliyoipokea msimamizi wa kizuizi: magogo yasipite hadi itakapotangazwa vinginevyo. Haikutangazwa. Lori likaenda zake, magogo yakabaki.

Mjane huja kila Jumatatu na kuyakalia kama anayeuguza mgonjwa.

"Mwanangu, haya yanapumua," alimwambia Kimya wiki iliyopita. "Mti ukikatwa unataka kuwa kitu, mlango au kitanda. Ukiachwa njiani hivi, haujui kama umekufa."

Shauri lake liko mahakamani. Wakili wake hakatai kwamba serikali ina uwezo wa kuzuia magogo.

"Inao, tena misitu inauhitaji," anasema. "Lakini ionyeshe kifungu cha sheria, itoe sababu, iweke na mwisho. Mdomo wa mkubwa si sheria."

Jaji ameagiza daftari la kizuizi lifikishwe mbele yake kesho. Daftari hilo huliandika Kimya. Safu ya mwisho, ya kifungu cha sheria, iko tupu kwa magogo yote themanini na moja.

Saa tano, msimamizi wa kizuizi anaingia ofisini na kalamu na kikaratasi chenye namba ya kifungu.

"Binti, ulisahau kujaza hapa. Jaza, kwa wino uleule." Anatabasamu. "Mtu wa darasa la nne akisahau, nani atamlaumu?"

Ofisi ni ya mabati na joto linapanda. Nje magogo yanapasuka kwa jua: pa, halafu pa, tangu asubuhi. Kimya anashika kalamu. Milio inakoma yote kwa mpigo, kana kwamba nje kuna watu themanini na moja waliobana pumzi.

Anaifunika kalamu. Daftari atalipeleka mahakamani mwenyewe, kama lilivyo. Wakimfukuza, shangazi ana randa mbili na nafasi ya fundi mmoja.

"Sikusahau, mkuu," anasema, na msimamizi anageuka kutazama nyuma, kana kwamba aliyeongea ni mtu mwingine. "Siku ile ulipokata simu bila kunitajia kifungu, nilijua hakipo. Nikanyamaza, nikamwandikia mama wa watu kwamba mzigo wake umezuiwa."