Jepleting Anaongoza kwa Sikio Moja

Ukungu haujatoka kwenye mashamba ya ngano ya Mau Narok, na Emmy Jepleting amesimamisha gari kwa mara ya tano. Anateremka, anageuza kichwa huku na huku, anarudi kwenye usukani kabla abiria wake hajafunga zipu ya koti.

"Madam, huyo si ndiye?" anauliza Jamleck Ndegwa, mwalimu mstaafu kutoka Naivasha. "Umemsikia?"

"Nimemsikia, mwalimu. Yuko kulia."

Ndege anaruka kutoka kushoto. Ni yule mdogo wa kifua cha njano, asiyepatikana nje ya Kenya, ambaye Jamleck amemtafuta kwa miaka sita. Anazama ukunguni kabla darubini haijafika machoni.

Jepleting, 46, amewaendesha watazamaji ndege kwa miaka kumi na tisa, kutoka nyanda hizi za baridi hadi maziwa ya bondeni. Mumewe, Kigen, anasema hajui kutulia. "Akikaa nyumbani siku tatu, anaanza kuhamisha viti."

Lakini kuna jambo ambalo hata Kigen hakuambiwa. Mwaka jana daktari mjini Nakuru alimpima akamwambia sikio la kushoto limebakisha robo tu ya uwezo wake. Kesho yake alikuwa barabarani na wageni.

"Nilijua habari ikitoka, watampigia dereva mwingine," anasema. "Nusu ya kazi hii ni masikio."

Sasa anashuka kuelekea Ziwa Elmenteita akiongea bila kupumua: ndege wari wa ziwani, mvua, bei ya viazi. Ziwa linapoonekana chini, Jepleting anaegesha kando ya barabara.

"Mwalimu, nimekudanganya. Yule ndege sikumsikia. Sikio hili limekufa."

Jamleck amekasirika, na hafichi. "Miaka sita, madam." Anatazama barabara waliyotoka. "Mimi masikio ninayo. Nisichojua ni hao ndege. Geuza gari."

Saa sita kasorobo wako tena Mau Narok. Jamleck anasikia mluzi, anauiga karibu na sikio la kulia la Jepleting.

"Ndiye. Mluzi umetoka upande gani?"

Jamleck ananyoosha kidole.

"Basi usimtafute ndani ya nyasi. Akiimba, husimama juu."

Yuko pale, kifua kama kiini cha yai. Mwalimu anamtazama bila kushusha darubini. Jepleting naye anatazama, na kwa mara ya kwanza leo hasogei.

Jioni hiyo alimwambia Kigen. Tangu hapo amewapigia wateja sita kuwaeleza. Wawili wamefuta safari. Mwezi ujao anakwenda kujaribu kifaa cha kusikia, na Disemba anataka kuanzisha safari ya siku mbili, Elmenteita hadi Bogoria, ya ndege wakubwa wa majini, wanaoonekana hata bila kusikika.

"Nitawaambia kabla hawajapanda gari: wewe sikiliza, mimi nitakuonyesha," anasema. "Asiyetaka hivyo atafute dereva mwingine. Mimi nitakuwa barabarani."