Treni Isiyo na Moshi

Baba yangu aliendesha treni ya umeme huko Katanga karibu maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alimfuata mama kwao Fataki, mahali ambapo majirani zetu hawakuwahi kuona hata kipande cha reli. Jioni watoto walikuja kumuuliza kwa makusudi, ili wapate kucheka.

"Muzee, ile gari ya moshi yako, moshi ilikuwa inatokea wapi?"

"Haikuwa na moshi. Ilikuwa inakula kuran, umeme ya waya, kule juu."

"Gari ya moshi bila moshi!"

Walicheka wakishika matumbo. Baba hakukasirika hata siku moja. Aliyekasirika ni mimi, na mpaka leo sijamaliza.

Vita ilitutoa Fataki, tukafika Bunia na kile tu tulichoweza kubeba. Kwanza tulilala kambini, chini ya hema, baadaye tukapata nyumba ya kupanga. Baba alifia humo. Kwenye matanga nikasikia wanaume wawili wakimkumbuka: yule muzee wa treni ya bongo, yaani ya uongo. Walisema kwa upendo, bila ubaya wowote. Hata hivyo nilitoka nje haraka, maana nilikuwa na birika ya chai ya moto mkononi na sikujiamini nayo.

Kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua, za vinu vya muhogo na za pampu zinazoletwa kutoka Mongbwalu zikiwa zimejaa tope. Nilipomaliza kuomboleza, nikaamua kuijenga ile mashine ya baba, kichwa cha treni yake. Si ya kuweka juu ya kabati. Nilitaka kubwa, yenye nguvu ya kumvuta mtu mzima akiwa amekaa nyuma yake.

Mama alikuwa na picha moja ya baba amesimama kando ya mashine, mkono wake kwenye ngazi. Urefu wa baba niliujua vizuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda kwa seremala kuagiza sanduku lake. Nikampima kwenye picha kwa rula, nikaipima mashine pia, na kutoka hapo nikapata vipimo vyote. Siku hiyo sikufanya kazi nyingine.

Bodi niliikata kwenye mapipa ya mafuta. Magurudumu nilikerezewa na fundi wa vyuma aliyedhani ni ya mkokoteni, na mimi sikumsahihisha. Mota nilichukua zile za kufutia vioo vya malori, nikazisuka upya kwa shaba nene zaidi. Ile mikono ya juu inayogusa waya, pantografi, niliikunja kutoka spoku za pikipiki. Mama alikaa mlangoni akinisimamia. Nilipopaka rangi aliniambia, "Hapana hii. Ilikuwa ya kijani yenye kuchoka, ya jua nyingi." Nikachanganya tena mpaka alipotikisa kichwa kukubali.

Mume wangu anafanya kazi machimboni Mongbwalu, kwa hiyo kaka yake mkubwa, ninayemwita yaya, anajiona ndiye mlinzi wangu. Siku moja aliingia kwenye parsele yetu, kiwanja cha nyumba, akazunguka lile bodi kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Shemeji, batu wanalala kambini, na weye unatengeneza muchezo ya batoto. Banasema akili yako imeruka. Uzisha hii vyuma."

"Na siye tulilala kambini, yaya. Unafikiri kule mutu anawaza chakula tu?"

"Mwanamuke hajengake treni."

"Basi angalia huyu mwenye anajenga."

Aliondoka bila kuaga. Nikawasha mashine ya kulehemu kabla hajafika barabarani, ili asikie.

Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, niliitoa nje. Nilikuwa nimetandika reli za vyuma bapa kutoka langoni, kupita jikoni, mpaka kwenye ua wa nyuma. Waya wa shaba ulining'inia juu yake kwenye miti ya mikaratusi niliyoisimika kama nguzo, ukipata umeme kutoka batri za gari. Majirani walijaa. Shemeji naye alikuja, mikono amekunja kifuani.

Nikabonyeza swichi. Mashine ikanguruma, ikasogea vizuri mpaka kwenye kona ya jikoni. Hapo pantografi ikanasa waya, cheche zikaruka, mti mmoja ukalala chini. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha Fataki, ningekitambua popote.

"Haya, shemeji," alisema, "funika sasa. Tumeona."

"Hapana mutu atafunika kitu hapa."

Nikasimamisha mti, nikapanda kwenye kiti na koleo. Nilifanya polepole kwa kusudi. Aliyetaka kwenda kula kwake, njia ilikuwa wazi. Kosa nililiona: kwenye kona waya ulihama pembeni, na ncha za pantografi yangu zilikuwa fupi, tena zimenyooka. Nikaongeza vipande vya spoku, nikazikunja ncha kuelekea chini. Hakuna aliyeondoka.

Kabla sijabonyeza tena, mama aliinuka, akakaza kitenge, akaenda kukaa kwenye kigari cha nyuma.

"Mama, bado sijaijaribu na mutu."

"Na mimi ni mbuzi? Washa."

Nikawasha. Ilipita kona bila kusita, ikampeleka mama mpaka ua wa nyuma, mgongo wake umenyooka, hakushika popote. Aliwatazama watu kama mke wa dereva anavyowatazama watu wa stesheni. Aliposhuka alisema tu, "Ilikuwa vile. Lakini ya kweli ilikuwa kubwa sana." Kisha akaenda kuangalia maharage.

Sitasema kwamba kila mtu alibadilika. Kuna wanaosema bado ni upuuzi, na shemeji ni mmoja wao. Mume wangu alipiga simu akauliza kama ina honi. Haina.

Sasa nimeanza nyingine, ya zamani kuliko ile, yenye pua ndefu mbele na nyuma. Haikutosha kwenye karakana, kwa hiyo nimesogeza kitanda na kuiingiza chumbani. Shemeji ametuma ujumbe kwamba tutakaa kikao juu ya jambo hili. Tukae. Nitakuwa nakata bati huku tunaongea.