Samaki Waliohurumiwa na Mutwiri

Nakumbuka kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, mwanangu, na hasira yake haijanitoka hadi leo. Mto wetu, kule mlimani juu ya Githongo, ulikuwa umenywea mpaka mawe yakaota jua. Maji ya maana yalibaki katika kidimbwi kimoja tu. Humo trauti, wale samaki wa maji baridi, wa mto mzima walikuwa wamejibana, na humo humo kina mama walichota maji ya kunywa.

Binamu yangu Mutwiri akaja kutoka mjini na fimbo mpya ya kuvulia na vile vyambo vya manyoya vinavyofungwa vifanane na nzi. Alikuwa fundi, sitamnyima haki yake. Kila akirusha mshipi, samaki. Lakini hakumchukua hata mmoja. Aliwavuta huku na huku mpaka wakalegea, akawapapasa, akawaachilia. Nilimwambia maji ni haba na yana joto, awaache wapumue. Akacheka.

"Mimi siui samaki, bana. Nacheza nao tu, halafu nawarudishia uhai."

Asubuhi walikuwa wakielea, matumbo juu, na kidimbwi kinanuka. Heri angewala.

Nyanya yetu, Cucu Karimi, akafika na mtungi wake. Yeye samaki hakuwahi kumtia mdomoni. Wazee wetu waliwaona kama nyoka wa majini, na Mutwiri akadhani kwa hiyo hatawalilia. Akajieleza kwamba aliwahurumia wote. Cucu akamsikiliza hadi mwisho, akachota maji yale kwa kibuyu, akamnyooshea.

"Basi kunywa huruma yako."

Mutwiri hakunywa. Jioni alirudi mjini kwenye bomba lake, na kina mama wakapanda hadi karibu na msitu kutafuta maji, mitungi mgongoni, mpaka mvua iliponyesha. Cucu alikuwa mzee, na alipanda pia. Hilo ndilo linaloniwasha.

Mwanangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ukiwa na njaa, vua, ule, ushukuru. Maji yakipungua, weka fimbo darini ungoje mvua. Lakini usimtese kiumbe kwa kujifurahisha kisha ukajiita mwema, kwa maana kuna mama mahali fulani atakayepanda mlima kwa sababu ya mchezo wako.

Mungu akuletee mvua kwa wakati wake, na akujalie mkono unaojua kuacha.