Malaria ya Vitabu

Nilitoka darasani kwa kupitia dirishani. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu zangu wamekwisha kuipamba habari yenyewe. Mmoja husimulia kwamba niliruka kama swala, mwingine kwamba nilivunja kioo. Sikuruka, na kioo hakikuwapo. Dirisha lilikuwa la mbao, la kimo cha kiuno, na mimi nilivaa sketi ndefu ya chuo. Nikapanda juu ya dawati la mbele, nikamwomba radhi mtoto aliyekaa pale, nikapitisha mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu kama mtu anayeshuka kitandani. Mlango ulikuwapo, tena wazi. Lakini mlangoni alikuwa ameketi Bibi Mkuu na daftari lake.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu cha wasichana, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Njombe mjini. Bibi Mkuu alikuwa Mzungu mrefu mwenye mwendo wa haraka, aliyesema Kiswahili sanifu kutushinda sote, na kwa sababu hiyo mara nyingi hatukumwelewa. Ukutani ofisini mwake ilikuwako picha ya Malkia, aliyekuwa bado mpya, na chini yake ratiba ya mazoezi ya kufundisha. Malkia hakuniogopesha. Ratiba ndiyo iliyoniogopesha.

Nilitokea Wanging'ombe. Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na nilipochaguliwa kwenda chuoni alichinja mbuzi, akasimama mbele ya majirani akasema, "Huyu ndiye." Hakumaliza sentensi. Nilikwenda Njombe nimebeba sanduku la bati na sentensi isiyo na mwisho. Kila Jumapili kanisa zima liliniombea, na mama alinipasha habari kwa barua zilizoandikwa na mwinjilisti: wiki hii tumekuombea hesabu, wiki hii tumekuombea Kiingereza. Sikujua la kufanya iwapo maombi yangejibiwa nusu.

Majuma kadhaa kabla ya lile dirisha, usingizi uliniacha na chakula kikakosa ladha. Somo nililopangiwa lilikuwa jiografia, darasa la tatu, mito ya Tanganyika. Nikaandika andalio la somo, nikalichana, nikaandika jingine. Rafiki yangu, Mkinga wa Bulongwa tuliyelala vitanda vya jirani, alilichungulia lile la kumi na moja.

"Mwenzangu," akasema, "unaandika andalio au agano jipya?"

Mama yake alikuwa akifua mashuka ya hospitali huko kwao, na kwa ajili hiyo rafiki yangu alijihesabu nusu daktari. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama dari kama aliyekuwa akihesabu mapigo, akatangaza kwamba ninaishi.

Siku yenyewe nilisimama mbele ya watoto arobaini. Nikawaamkia, wakaitikia. Nikachora ubaoni mstari mrefu uliopindapinda. Kisha nikageuka niseme ule ni nini, na neno "mto" likanitoka kabisa. Sikukumbuka Ruhuji wala Ruhuhu, na hata yale maji tuliyokuwa tukichota kila asubuhi sikulijua jina lake. Masikio yakaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Vidole vikafa ganzi, moyo ukanienda mbio, na nikajua kwa hakika kwamba ninakufa, tena mbele ya darasa la tatu. Mtoto mmoja mwenye huruma akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, ni nyoka?" Hapo ndipo nilipolitazama dirisha.

Rafiki yangu alinikuta kwenye shamba la miti ya miwati nyuma ya shule, nimekaa chini nimelikumbatia shina.

"Wewe Mbena," akasema huku akihema, "watoto wamekuuma?"

"Nakufa."

"Hufi. Unatetemeka." Akaketi, akalikumbatia shina upande wa pili ili mikono yetu ikutane, akanishika. Hakusema jambo lingine la maana. Alilalamika tu kwamba sisimizi walikuwa wakimpanda mguuni, na kwamba kama ningekuwa rafiki wa kweli ningekimbilia mahali pasipo na sisimizi.

Tangu siku ile sikuamka. Yaani macho yaliamka, lakini mwili ulikataa. Na hapo kila mtu pale chuoni aligeuka tabibu. Muuguzi alinipa chumvi ya haluli, dawa ya kuharisha aliyowapa wote, mwenye jino na mwenye jipu, na kutwa nzima nikawa na shughuli iliyonisahaulisha huzuni. Bibi Mkuu aliagiza hewa safi na jembe. Nililima matuta sita ya viazi huku machozi yakinitiririka bila sababu, na naamini viazi vilinufaika. Wasichana wa bweni la pili walinong'ona kwamba nimerogwa na mwenzangu niliyemshinda katika mtihani, naye maskini akaja kuapa mbele yangu kwa Biblia, akilia kuliko mimi. Ilibidi nimbembeleze.

Mchungaji naye akaja. Alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama kuna dhambi niliyoificha. Nilitafuta kwa bidii, maana nilitamani sana iwepo, niitubu nipone. Nikaipata moja tu: kipande cha sabuni nilichoazima kwa rafiki yangu nisikirudishe. Nikaitubu. Mchungaji akaomba, akaondoka. Rafiki yangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia akasema, "Haya, Mungu amesamehe. Mimi bado. Iko wapi?"

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka kikiwa na kutu. Kisha nikalia tena, kwa kuwa nilidhani nimepona na sikuwa nimepona.

Mwisho Bibi Mkuu alikuja mwenyewe bwenini, akakaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalalamika. Akasema chuo hakina dawa ya jambo hili na yeye hapendi kujifanya kwamba kinayo. Ningekwenda kupumzika, na nafasi yangu ingesubiri. Niliposikia "nafasi itasubiri" sikuamini. Nilidhani ni Kiswahili chake kile kigumu.

Sikutaka kurudi Wanging'ombe, wale wote walioniombea waje kuniangalia. Baba naye, bila kuulizwa, alikwisha kulifahamu hilo. Alituma habari kwamba niende kwa shangazi Makambako. Kanisani aliwaambia watu kwamba nimeshikwa na malaria ya vitabu. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Njombe ni baridi kiasi kwamba mbu angehitaji sweta, lakini hakuna aliyemuuliza mzee wa kanisa malaria hiyo imepandaje mlima.

Rafiki yangu alinisindikiza kwa basi. Shangazi alikuwa mjane, na alikuwa na mgahawa pale njia panda, ambapo malori ya Iringa na ya Mbeya yalisimama kupoza injini. Upepo wa Makambako ulitia vumbi katika kila kitu, na shangazi alisema ndio uliokuwa ukikoleza chai yake.

"Kamwene, shangazi," nikaamkia.

"Kamwene, mwanangu." Akanitazama toka juu hadi chini. "Ndiye wewe uliyekimbizwa na watoto?"

Rafiki yangu akaingilia kati, kidole juu. "Mama, asiachwe peke yake. Asisome. Ale kidogo kidogo. Na asisikilize watu."

"Wewe ni nani?"

"Ninatoka Bulongwa," akajibu rafiki yangu, kana kwamba hiyo ndiyo shahada. Shangazi akampa maandazi manne ya njiani, naye akarudi na basi lile lile. Nililitazama vumbi lake mpaka likatua.

Siku tatu nililala chumba cha nyuma, na shangazi hakuniuliza neno. Siku ya nne aliingia na karai la viazi.

"Amka umenye."

"Shangazi, sijapona."

"Nani amesema amka upone? Nimesema amka umenye. Kupona ni shauri lako na Mungu. Viazi ni shauri langu, na madereva wanakuja."

Nikamenya. Nilikuwa namenya vibaya, nikikata ganda nene, na shangazi aliokota ganda moja, akaliinua kwenye mwanga, akauliza kama huko chuoni wanatufundisha kula maganda na kutupa viazi. Kesho yake nikamenya tena. Sitadanganya kwamba viazi viliniponya. Siku nyingine nilimenya kimoja nikarudi kulala, naye hakunizuia. Lakini alikuwa akija na karai kila siku, na kila siku alinitania jambo jipya, na mimi nikaanza kungoja kusikia leo atasema nini.

Siku moja ya mvua, mgahawa ukiwa mtupu, nilimuuliza kama ninarukwa na akili. Hakucheka.

"Nilipozika mtoto wangu wa mwisho," akasema, "sikushika jembe masika mazima. Magugu yaliota mpaka mlangoni. Majirani walisema mvivu, wengine wakasema nimeingiwa. Mimi nilikuwa nimekaa tu, nikiona mikono yangu kama ya mtu mwingine."

"Ukafanyaje?"

"Baba yako alikuja akapalilia. Alipalilia vibaya sana, aling'oa na maharage. Nikatoka nje kumgombeza." Akaokota kiazi. "Akili haikuruka, mwanangu. Imechoka, ikakaa chini. Lakini wewe mwenzangu sikuona ulichokizika, ndiyo maana sikuuliza."

Nikamwambia sikuzika kitu. Nikamwambia juu ya maombi ya kila Jumapili na ile sentensi ya baba. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, na yalipotoka yalionekana madogo, nikaona haya. Shangazi akasema mzigo wa kuni nao, ukiufungua, ni vijiti tu.

Baba akaja Jumamosi iliyofuata kwa baiskeli, na jogoo amefungwa nyuma, wote wawili wameloa. Alikunywa chai. Alisema ng'ombe mwekundu amezaa. Alisema paa la kanisa linavuja upande wa wanawake. Akazungusha kikombe mezani.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Sijui, baba."

"Basi hata mimi sijui pa kushika." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. Shangazi, aliyekuwa akijifanya kupangusa meza, akamwambia, "Kaka, ile sentensi yako uliyoianza siku ya mbuzi, hebu imalize. Huyu ndiye nani?"

Baba akashangaa. Akajikuna kidevu. "Huyu ndiye... anayekwenda Njombe. Nilitaka kusema huyu ndiye anayekwenda Njombe. Wageni wengine hawakuwa wakikujua, nilikuwa nikikutambulisha."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, na baba, ambaye hakuelewa kinachochekesha, akacheka kwa adabu. Kabla hajaondoka niliomba jambo moja: Jumapili waniache kidogo, waombee mvua. Akakubali. Baadaye nilisikia kwamba mama alikataa katakata, akaendelea kuniombea, ila kimoyomoyo.

Nilirudi chuoni muhula uliofuata. Bado sikuwa mzima kabisa. Bibi Mkuu hakunipa darasa zima. Alinipa watoto wanne barazani, tukikaa mkekani, niwafundishe kusoma, naye akashughulika na maua yake mbali kidogo, akikata matawi yasiyohitaji kukatwa. Wiki ya pili wakawa wanane. Siku moja nilimuuliza kama ataniandikia kwamba mimi ni dhaifu. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe mkaguzi akija hawezi kula tangu jana yake. "Tumbo hugoma," akasema kwa Kiswahili kile sanifu, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa kila neno. Nilifuzu, si kwa alama za juu. Rafiki yangu alifuzu kunipita, na hakuacha kunikumbusha.

Kazi ya kwanza nilipangiwa Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, penye joto ambalo sisi wa nyanda za juu hatukulizoea. Mwaka wa pili, bila sababu yoyote, ugonjwa ukarudi. Niliutambua mlangoni, kama mgeni anayejua mahali pa kuweka kofia. Safari hii sikungoja. Nilimwendea mwalimu mkuu, mzee wa maneno machache aliyependa samaki kuliko wakaguzi, nikamwambia kichwa changu kimekaa chini, siwezi kusimama darasani.

Akafikiri. "Nitakuchukulia darasa mpaka Jumatatu," akasema. "Jumatatu ukiwa bado, mpaka ile nyingine."

Zilipita Jumatatu tatu. Niliporudi, watoto walisimama kwa furaha, wakaniimbia kwa sauti kubwa nyimbo mbili za wavuvi walizofundishwa na yule mzee, chafu ajabu, na ilinichukua mwaka mzima kuwasahaulisha.