Ng'ombe Tisa kwenye Kichupo Kingine

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini Musoma, mkuu wa kitengo cha mifumo aliniketisha mbele ya kompyuta yake katika ofisi ya Makoko. Akafungua kurasa mbili za mfumo mmoja, kila ukurasa una jalada la mtu wake na uko kwenye kichupo chake. Vichupo ni zile kurasa zinazojipanga juu ya kivinjari kama majalada kwenye droo.

"Unaona watu wangapi hapa?"

"Wawili, mkuu."

"Wewe unaona wawili. Seva inaona mmoja. Ukisahau hilo, rudi kwenu ukachunge."

Kazi ya ufundi wa mifumo ya kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka, na hilo sikuwa nimelisoma popote. Akanieleza. Mtu akiingia kwenye mfumo, seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote, hukipa kivinjari chake alama ndogo ya utambulisho iitwayo kuki. Kila kichupo cha kivinjari hicho hubeba kuki ileile. Kwa hiyo, kama mjenzi ameiagiza seva ikumbuke jalada lililofunguliwa mwisho, itakumbuka hilo tu. Unahifadhi ukiwa kwa huyu, inaandika kwa yule.

Kutoka Musoma nilihamishiwa Bunda, ofisi ya Kabasa, chini ya msimamizi wa kanda aliyetaka kila hitilafu iandikwe kwa mkono kabla haijaguswa. Mwisho nikapelekwa Butiama, kwenye mfumo wa vibali vya kusafirisha mifugo. Mkoa wetu una wizi wa ng'ombe. Ndiyo maana ng'ombe havuki wilaya bila kibali, na kwenye kizuizi cha barabarani mkaguzi hulinganisha karatasi na kilichomo ndani ya mfumo.

Kampuni iliyoujenga mfumo ule ilikuwa imekwisha kuvunjika. Niliujaribu kwa vichupo viwili, nao ukaandika mifugo ya mtu mmoja kwa mwingine. Nikatoa taarifa. Mkuu wa kitengo akajibu kwamba marekebisho yalikuwa yakingoja zamu, na kwa wakati huo makarani wafungue kichupo kimoja tu. Nilipomwambia karani Neema, alicheka.

"Fundi, huku hatufanyagi hivyo. Mzee katoka kuzika, nimwambie akae foleni nyuma ya mbuzi za watu?"

Ndivyo dirisha lile la kutolea vibali lilivyokuwa. Mzee au mfiwa akiingia, wote husogea, naye husikilizwa hapohapo, hata kama karani yuko katikati ya kibali cha mtu mwingine. Kumfutia yule wa kwanza alichokwisha kujaziwa ni kumwonea, hivyo hufunguliwa kichupo cha pili. Aliyeujenga mfumo hakuwahi kusimama kwenye foleni ya Butiama.

Alhamisi moja alikuja mfugaji aitwaye Marwa kuombea kibali ng'ombe tisa wa kurudisha mahari. Binti yake Bhoke alikuwa ameolewa Nyasura, wilaya ya Bunda, akapigwa mpaka akakimbilia kwa baba. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana: ng'ombe wafike Jumamosi kabla ya saa sita mchana, ndoa iishe. Wasipofika, Bhoke arudi kwa mume. Bhoke mwenyewe alisimama mlangoni na fimbo ya kuchungia.

"Dada, wewe ndiye mwenye ng'ombe, au ng'ombe ndio wenye wewe?" Neema akamtania.

"Mpaka Jumamosi ni wao," Bhoke akasema. "Jumapili nitakuwa wangu mwenyewe."

Neema alikuwa amekwisha kujaza ng'ombe tisa wa Marwa alipoingia mzee Masato, ametoka msibani, anataka kibali cha ng'ombe wawili. Kichupo cha pili kikafunguliwa. Mzee akatoka kidogo kutafuta kitambulisho chake. Neema akarudi kwenye kichupo cha Marwa, akachapa kilichokuwa kwenye kioo, akahifadhi. Karatasi ilisema Marwa, ng'ombe tisa. Ndani ya mfumo, wale tisa waliandikwa kwa Masato, na Marwa hakuwa na hata mmoja.

Ijumaa asubuhi mkaguzi wa kizuizini alinipigia simu. "Fundi, huyu Marwa ana karatasi safi na ng'ombe hewa. Nimewafungia zizini hapa."

Chanzo nilikiona mara moja. Ruhusa ya kukirekebisha sikuwa nayo. Nikampigia mkuu wa kitengo Musoma.

"Ni vichupo, mkuu. Nina uhakika."

"Nakuamini. Lakini kibali kilichohifadhiwa hubadilishwa kwa sahihi mbili, na mwenye sahihi ya pili yuko safarini hadi Jumatatu."

"Hao ng'ombe wanatakiwa Nyasura kesho, la sivyo binti anarudishwa kwa mume aliyempiga."

"Tukimfungulia huyu kwa simu, wiki ijayo mwizi naye atafunguliwa kwa simu. Unadhani sioni? Mimi pia nina mabinti."

Nikajaza ombi la marekebisho, nikalituma.

Jumatatu ruhusa ikatoka. Nilirekebisha kibali, kisha nikampigia Marwa.

"Baba Bhoke, kibali kiko sawa. Wapeleke Nyasura."

"Niwapeleke kwa nani, mwanangu? Watu wa mume walikuja Jumamosi na pikipiki mbili. Wamekataa kungoja. Bhoke kapanda mwenyewe, hajalia."

Baadaye zamu ya marekebisho ilitufikia. Kila fomu, ikifunguliwa, ilianza kupewa namba yake, inayokaa ndani ya kichupo hicho peke yake na kurudi kwenye seva pamoja na fomu. Seva huandika kwa mwenye namba hiyo; isipoitambua, hukataa. Ilikuwa kazi ndogo. Neema akawa anafungua vichupo vitano kwa pamoja, na kila mtu anapata kilicho chake.

Nimeacha kazi mapema kwa sababu ya macho. Vijana wakiniuliza mfumo unajaribiwaje, nawaambia waanze na vichupo viwili, kisha waende wakasimame kwenye foleni ya watakaoutumia. Wananishukuru. Sioni kama ushauri huo unapunguza chochote kwa aliyekwisha kupanda pikipiki.

Taarifa ya tukio niliiandika mimi. Ilikuwa na nafasi moja ya hasara, inayopokea tarakimu tu. Nilijaza gharama ya zizi la kizuizini, aliyolipa Marwa ili aruhusiwe kuwarudisha ng'ombe wake nyumbani: shilingi laki mbili na elfu sabini.