Alipima mabaka, akalaumu mkasi

Saa moja asubuhi, Ilembo, mjini Mpanda. Cherehani ya Dorika bado imefunikwa. Mwenyewe ameketi barazani, mikono ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anasubiri vidole viamke.

"Mimi nimeamka tangu saa kumi na moja. Hawa mabosi bado," anasema, akivionyesha kwa kidevu.

Fundi huyu wa miaka 44 anaishi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, kwa miaka kumi na moja sasa. Kila Jumapili hupima mabaka yake kwa futi ileile ya wateja na kuyaandika kwenye daftari lilelile. Kati ya kiuno cha mwalimu na mabega ya mchungaji imo mistari yake: kiwiko cha kushoto, sentimita sita, goti, nne.

"Daktari aliniambia baka likikua haraka, likitoa maji, au nikipata homa, niende. Basi nikakaza macho kwenye mabaka."

Mwaka jana mabaka yalipungua. Akafurahi. Miezi hiyohiyo vidole vikaanza kuvimba, kucha zikaingia vitundu kama kastabini ya kuvaa kidoleni wakati wa kushona, na vidole vikagoma kuingia kwenye mkasi.

Alifanya alichoona ndiyo akili: akanunua mkasi mkubwa kwa shilingi 18,000, chumo la siku tatu.

"Nililaumu mkasi, ndugu yangu. Nikausema vibaya hadi kwa majirani."

Ilipita miezi saba kabla hajarudi hospitali. Huko akaambiwa ugonjwa ni uleule, umeingia kwenye viungo. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimepinda, hakitanyooka tena. Dawa anazotumia ni za kuokoa vilivyobaki.

Siku hizi vitambaa vyake hukatwa na Evarist, fundi wa baraza ya pili.

"Dada, leo nikukatie suruali au pazia?" anamtania.

"Kata vitambaa, ila mdomo wangu uniachie." Wanacheka. Kisha Dorika anasema taratibu, "Kushona nilichokatiwa, najiona kama nimerudi kujifunza."

Daftari sasa lina mstari wa vidole. Kimoja kikizidi kipimo cha wiki iliyopita, anafunga kazi na kwenda kliniki siku hiyohiyo.

Desemba, binti yake Elizabeti atapata kipaimara. Kitambaa cheupe cha gauni lake kimekunjwa kabatini. Evarist ameshajitolea kukikata.

"Hicho hapana," Dorika anasema, akijifuta mikono. "Hicho nakata mwenyewe, hata kikinichukua siku nne."

Anauchukua mkasi ule mkubwa. Vidole viwili vinaingia.